Tundu na Sanduku Lake

Mwanafunzi mmoja wa sekondari ametuandikia barua, nasi tumeona yafaa kumjibu mbele ya wote, kwa kuwa kosa lake ni kosa letu. Tulilitenda sisi kabla yake, tena tukalifundisha. Anasema hivi: «Bwana Mwalimu, nimetengeneza kamera kwa kopo la maziwa ya unga, kama mlivyotueleza katika ukurasa huu. Mlisema tundu liwe dogo. Mimi nimetoboa dogo kabisa, sindano ya mama haiwezi kupita. Nimepiga picha sita. Zote zimetoka hafifu, tena zina ukungu. Karatasi nne tu zimebaki, nami nataka kumpiga babu yangu picha, akiwa ameketi mlangoni pa nyumba yake. Je, nitoboe tundu dogo zaidi?»

La, mwanangu, usitoboe dogo zaidi. Zifunge vema karatasi zako nne, uziweke mahali pa giza, wala usiziguse mpaka umalize kusoma.

Kwa wale waliokosa kutusoma siku ile, tukumbushe kwa maneno machache. Kamera ya tundu haina lenzi, yaani haina kile kioo cha kukusanya nuru. Ni sanduku au kopo lililofungwa pande zote, jeusi ndani. Upande mmoja lina tundu la sindano, na upande wa pili, ndani, imebandikwa karatasi ya kupigia picha. Nuru itokayo kileleni mwa mti hupita tunduni na kuangukia sehemu ya chini ya karatasi; nuru itokayo shinani huangukia juu. Basi sura ya mti husimama kichwa chini. Hakuna zaidi ya hayo. Tunajua wengine watacheka na kusema: siku hizi kila nyumba ina simu ya kupigia picha, kopo ni la nini? Tunawajibu kwamba simu hutupatia picha bila kutuonyesha jinsi ilivyozipata, na mwanafunzi ana haki ya kuonyeshwa.

Twende kwanza chini ya mwembe, saa sita mchana, tutazame ardhi. Kivuli cha mwembe kimejaa madoa ya mwanga, na karibu yote ni ya mviringo. Lakini tukiinua macho tunaona kwamba nafasi zilizo kati ya majani si za mviringo hata kidogo: hii ina pembe tatu, ile ni ndefu na nyembamba, nyingine haina umbo la kutajika. Nani basi ameyapa madoa umbo la duara? Ni jua lenyewe. Kila doa ni sura ya jua, iliyochorwa na nafasi ndogo kati ya majani. Kama majani hayo yako meta 5 juu ya ardhi, sura ya jua itakuwa na upana wa sentimeta 4 na nusu au zaidi kidogo.

Sasa mmoja wenu apande mti akiwa na karatasi nyeupe, aishike karibu kabisa na majani. Doa linabadilika: linakuwa na pembe tatu, kama nafasi yenyewe ilivyo. Aishushe karatasi polepole, na duara linarudi. Nafasi kati ya majani haikuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni umbali. Kwa karibu nafasi ile ilikuwa kubwa mno, kwa mbali nafasi ile ile ikawa ndogo ya kutosha. Jambo hili mlishike, maana ndilo jibu la barua yote.

Wenye elimu wa zamani walilijua. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi katika mji wa Cairo, aliandika maandiko kamili juu ya umbo la jua linapopatwa. Aliona kwamba jua lililofunikwa nusu na mwezi huchora sura ya mundu likipita katika tundu dogo, na kwamba tundu likizidi kupanuliwa mundu hupotea, hubaki doa la mviringo kama tundu lenyewe. Mwaka 1544 daktari Gemma Frisius alitazama kupatwa kwa jua kwa njia hiyo katika mji wa Louvain, na mchoro wake ulichapwa mwaka uliofuata. Ndio ule mji wa Ubelgiji ambao chuo chake kikuu kilianzisha Lovanium, huko Léopoldville, mwaka 1954.

Basi sisi pia tulijua kwamba tundu kubwa huleta ukungu. Sababu yake ni nyepesi. Kila nukta ya mti hupeleka nuru yake tunduni, na nuru hiyo haiwezi kuchora juu ya karatasi nukta iliyo ndogo kuliko tundu lenyewe. Tundu likiwa na upana wa milimita 2, kila nukta ya mti inakuwa doa la milimita 2, na madoa hayo hupandana mpaka majani yote yanakuwa uji. Kutoka hapo tukaruka mpaka neno ambalo halikuwa kweli: kwamba tundu likizidi kuwa dogo, picha itazidi kuwa safi, bila mwisho.

Miaka michache iliyopita rafiki alitupatia pakiti ya karatasi za kupigia picha, pamoja na dawa zake. Tukawaambia wanafunzi wetu watengeneze kamera nyumbani, kila mmoja kwa kitu atakachopata, na kwa kinywa kipana tukatangaza kwamba mwenye tundu dogo kuliko wote atapewa alama 10. Lo, walivyoshindana! Karibu wote walileta makopo ya maziwa, yenye upana wa milimita 125, na matundu ambayo tulipoyapima yalikuwa kama milimita 0,2. Tuliwasifu sana.

Mmoja tu alileta katoni ndefu, ya milimita 320 kutoka tunduni hadi karatasini, na tundu lake lilikuwa la milimita 0,8, kwa sababu alikuwa ameipitisha sindano yote, si ncha peke yake. Tukamwuliza kama masikio yake yalikuwa shambani siku ile tulipofundisha. Akajibu kwa adabu: «Mwalimu, nyumbani sindano ni moja, nayo ni hii.» Tukampa alama 4, tukamwambia akae.

Saa sita mchana tukazipanga kamera zote juu ya ukuta, zikitazama kanisa na miti iliyo mbele yake. Tukayafungua matundu yote kwa pamoja, na baada ya dakika 3 tukayafunga. Kisha tukaingia ghalani, tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukawasha taa nyekundu na kuanza kuziosha karatasi moja moja katika dawa. Picha za makopo zilitoka kijivu. Kanisa lilionekana, naam, lakini kama kanisa lililo ndani ya moshi. Mwisho ikaja karatasi ya kijana wa katoni. Wanafunzi wakanyamaza. Katika picha yake tuliweza kuhesabu nguzo za ukumbi wa kanisa, na vyuma vya dirisha, na baiskeli ya katekista iliyoegemezwa ukutani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ilikuwapo pale.

Kesho yake tuliingia darasani, tukafuta ile 4 mbele ya wenzake, tukaandika 9. Alama moja tuliizuia kwa haki, kwa sababu hakupaka weusi ndani ya katoni yake, na pembe moja ya picha ilikuwa imechafuliwa na nuru. Lakini tulimpa alama hizo bila kujua kwa nini alishinda. Kulijua hilo kulituchukua majuma mengi ya kuuliza na kusoma, na hapa tunawapeni tuliyoyapata.

Nuru hukimbia katika mstari ulionyoka. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na kwa mambo mengi ni kweli. Lakini nuru ni mawimbi, na mawimbi yakipita katika mwanya mwembamba hayabaki katika mstari. Ninyi mkaao kando ya Ziwa Tanganyika mmeliona hilo mara nyingi. Palipo na ukuta wa mawe ya kukinga maji, wenye mwanya wa kupitisha mitumbwi, wimbi la ziwa huingia kwa mwanya huo, na likiisha kuingia haliendi mbele tu. Hupanuka upande huu na huu, hata mtumbwi uliofichwa nyuma ya ukuta hutikisika kidogo. Mwanya ukiwa mpana, wimbi hupita karibu moja kwa moja. Mwanya ukiwa mwembamba, hupanuka sana. Nuru hufanya vivyo hivyo, ila mawimbi yake ni madogo mno: katika milimita moja mngeweza kupanga mawimbi kama 1800 ya nuru ya kijani.

Wa kwanza kuliona jambo hili vema na kulipa jina alikuwa padri Mjesuiti, Francesco Maria Grimaldi, aliyefundisha huko Bologna, Italia. Aliingiza nuru ya jua katika chumba cha giza kwa tundu dogo, akaipitisha tena katika tundu la pili, akapima doa lililoangukia mbele. Lilikuwa pana kuliko mistari iliyonyoka inavyoruhusu. Akaona pia kwamba vivuli vya vitu vidogo, katika nuru hiyo, vina kingo zenye rangi. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Ilipaswa kungoja hata karne ya 19, kwa kazi za Mwingereza Thomas Young na Mfaransa Augustin Fresnel, ili watu wakubali na kuonyesha kwa hesabu kwamba sababu yake ni mawimbi.

Sasa mwaona jinsi makopo yetu yalivyoshindwa. Tundu la milimita 0,2 ni jembamba mno kwa nuru inayopaswa kusafiri milimita 125 kabla ya kufika karatasini. Ikiisha kupita hupanuka njiani, hata kila nukta ya kanisa ikawa doa la zaidi ya milimita 0,8, yaani mara nne ya tundu lenyewe. Wanafunzi wetu walikimbia ukungu wa tundu kubwa wakaangukia ukungu wa tundu dogo. Na kati ya ukungu huu na ule kuna mahali pamoja ambapo yote miwili ni midogo kadiri iwezekanavyo. Mahali hapo hutegemea umbali, kwa maana nuru iliyopanuka huzidi kupanuka kadiri inavyokwenda mbali. Kwa hiyo ukimwuliza mtu, «Tundu zuri lina upana gani?», naye akakujibu bila kuuliza sanduku lako lina urefu gani, usimsikilize.

Waliotafuta mahali hapo kwa hesabu ni wengi. Josef Petzval, mwalimu wa hesabu huko Vienna, alitoa kanuni yake katikati ya karne ya 19. Mwaka 1891 Lord Rayleigh wa Uingereza, ambaye mwaka 1904 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, alichapa uchunguzi wake juu ya picha za tundu, akapendekeza tundu kubwa zaidi kidogo kuliko la Petzval. Msishangae basi mkikuta vitabu viwili havipatani. Kwa kopo la milimita 125 Petzval angetaka tundu la karibu milimita 0,37 na Rayleigh nusu milimita. Tumejaribu yote mawili. Sisi twamfuata Rayleigh, kwa sababu tundu lake hupitisha nuru zaidi, na kwa sababu hesabu yake yaweza kupunguzwa mpaka ikakaa katika kichwa cha mtoto wa shule.

Hesabu hiyo ni hii. Pima upana wa tundu kwa milimita. Uzidishe kwa wenyewe. Kisha zidisha kwa 500. Jibu ni umbali, kwa milimita, kutoka tunduni hadi karatasini. Tundu la nusu milimita: 0,5 mara 0,5 ni 0,25, mara 500 ni 125. Ndilo kopo la maziwa. Tundu la 0,4 lataka milimita 80. Tundu la 0,6 lataka 180. Tundu la milimita nzima lataka sanduku la nusu meta. Na tundu lile la 0,2 ambalo tulilisifu? Lilitaka milimita 20 tu. Lingefaa kwa kamera nyembamba kama kiberiti.

Hesabuni sasa tundu la kijana wetu. 0,8 mara 0,8 ni 0,64. Mara 500 ni 320. Kabisa! Hakuijua kanuni, wala sisi hatukuijua. Sindano ya mama yake na katoni aliyoiokota vilikuwa vimepatana vyenyewe.

Tena kuna jambo la pili, ambalo wengi hawaliangalii. Linganisha sanduku la milimita 80 na lile la milimita 320, kila moja likiwa na tundu lake halali, 0,4 na 0,8. Katika sanduku refu sura ya kanisa ni kubwa mara nne. Lakini ukungu umeongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo, ukipima ukungu kwa ukubwa wa kanisa, sanduku refu limeshinda mara mbili. Ndiyo sababu tuliiona baiskeli ya katekista.

Msiogope pia kukosea kidogo. Hesabu hii si kali kama ya mwenye duka la dhahabu. Tundu likizidi au kupungua kwa sehemu moja ya kumi, jicho halitambui. Na mwenye kupenda usahihi ajue kwamba karatasi za kupigia picha haziioni nuru nyekundu. Huona zaidi nuru ya samawati, ambayo mawimbi yake ni mafupi. Kwa karatasi hizo angeweza kuzidisha kwa 600 badala ya 500. Sisi hatujisumbui.

Hapa mturuhusu tutoke njiani kidogo, maana tumekwisha kuutaja mji wa Bologna. Katika basilika ya San Petronio ya mji huo, mnajimu Giovanni Domenico Cassini alitengeneza mwaka 1655 kamera ya tundu iliyo kubwa sana, ila haina karatasi: basilika yenyewe ndiyo sanduku. Tundu liko juu darini, meta 27 kutoka sakafuni, na kila siku penye mchana kati sura ya jua hupita juu ya mstari uliotandazwa sakafuni, wenye urefu wa zaidi ya meta 66. Cassini alilipa tundu upana wa sehemu moja ya 1000 ya kimo chake, yaani milimita 27. Kanuni yetu ingelipa milimita 7 na kitu. Je, Cassini alikosea? Hatudhani. Basilika si ghala lenye mablanketi madirishani. Tundu la milimita 7 lingetoa nuru pungufu zaidi ya mara kumi, na nani angeiona sura ya jua sakafuni? Sura hiyo ina upana wa zaidi ya sentimeta 25, basi ukungu wa milimita 27 ukingoni mwake ulivumilika. Alitaka kupima jua, hakutaka kuhesabu vyuma vya dirisha.

Turudi kwa makopo. Kutoboa tundu la upana ulioamriwa ni kazi ngumu. Kukata katoni kwa urefu ulioamriwa ni kazi nyepesi. Kwa hiyo mwenye katoni atoboe kwanza, apime tundu, kisha akate sanduku lake kulifuata tundu. Mwenye kopo hana ruhusa hiyo, kwa kuwa kopo halirefuki. Yeye atoboe mabati matatu au manne, na achague lililo karibu na hesabu.

Bati la kopo la soda latosha, kwa maana ni jembamba. Likate kipande cha ukubwa wa stempu, ukilaze juu ya kadibodi, ukibonyeze kwa ncha ya sindano bila kutoboa, mpaka upande wa pili paonekane kichunusi. Sugua kichunusi hicho kwa msasa laini mpaka tundu lifunguke lenyewe. Kisha ingiza ncha ya sindano polepole ukiizungusha, geuza bati, sugua tena. Tundu la kutoboa kwa pigo moja lina kingo zilizopasuka, na kila mpasuko huonekana katika picha. Bati nene pia halifai, kwa maana tundu lake huwa kama bomba, na nuru ya pembeni haipiti.

Jinsi ya kupima? Hapa wenye simu wasaidie. Weka bati juu ya rula, mbele ya dirisha, lipige picha kwa simu kwa karibu sana, halafu ikuze picha hiyo. Kama juu ya kioo cha simu milimita moja ya rula imekuwa na upana wa sentimeta 2, na tundu lina upana wa sentimeta 1, basi tundu ni nusu milimita. Asiye na simu alaze sindano 10 za aina moja bega kwa bega, apime upana wa zote, agawanye kwa 10. Akiipitisha sindano nzima katika bati, tundu litakuwa na upana wa sindano.

Limebaki neno la muda, na hili ndilo linalomhusu babu wa mwandishi wetu. Gawanya umbali kwa upana wa tundu. Kwa kopo lenye tundu la nusu milimita, 125 kwa 0,5 ni 250. Kwa kopo lile lile lenye tundu la 0,2 ni 625. Hesabu ya pili ni mara mbili na nusu ya ile ya kwanza, lakini muda haufuati hesabu hiyo yenyewe. Hufuata hesabu iliyozidishwa kwa yenyewe. 2,5 mara 2,5 ni zaidi ya 6. Tundu bora, kwa karatasi ya kawaida na jua kali, lataka kama dakika moja. Tundu la 0,2 lataka dakika 6 na zaidi. Ndiyo maana picha zako sita, mwanangu, zilitoka hafifu. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilikuharibia mambo mawili, usafi na nuru. Katoni ndefu ya kijana wetu ilitaka dakika 2 na nusu, na kwa bahati sisi tulikuwa tumetoa dakika 3.

Ungeweza kusema: basi nami nitatengeneza katoni ndefu, nimpate babu vizuri zaidi. Kwa kanisa, ndiyo. Kwa mzee, tunakushauri hapana. Kanisa halipepesi macho. Dakika 3 bila kutikisika ni mzigo hata kwa askari, na ukungu wa babu aliyesogea ni mkubwa kuliko ukungu wote tuliouhesabu hapa. Baki na kopo lako, ulitolee lile bati la zamani, uweke jipya lenye tundu la nusu milimita. Paka weusi ndani. Zungusha utepe mweusi mfunikoni.

Karatasi zako nne tumia hivi. Ya kwanza ikate vipande vinne gizani, upige picha ya nyumba ya babu mara nne, saa ile ile utakayompiga yeye, kipande cha kwanza kwa nusu dakika, cha pili kwa dakika moja, cha tatu kwa dakika 2, cha nne kwa dakika 4. Vioshe, utazame kipi kimetoka vema. Muda huo uuongeze nusu yake kwa ajili ya uso, maana karatasi isiyoona wekundu huzifanya ngozi zetu ziwe nyeusi kuliko zilivyo. Karatasi ya pili ni ya babu mwenyewe. Ya tatu iweke akiba, kama akipiga chafya. Ya nne usiiguse, kwa kuwa picha itokayo katika kopo ina weusi penye weupe na weupe penye weusi, nawe utahitaji karatasi moja ya kuigeuza: utalaza ya babu juu ya karatasi mpya, uso kwa uso, utaangaza nuru kidogo juu yake, na hapo sura yake ya kweli itatokea.

Mwombe babu ruhusa kwanza, umweleze kazi ilivyo, asidhani unamfanyia mzaha kwa kopo la maziwa. Mtoe kivulini mwa mlango, aketi hatua moja mbele, penye jua la saa tatu asubuhi, kabla halijawa kali. Kiti chake kiegemezwe ukutani. Mikono yake iwe juu ya fimbo, na fimbo isimikwe chini, kwa maana mkono usio na pa kutulia hutikisika. Kopo liweke juu ya jiwe au juu ya kiti kingine, na jiwe dogo juu yake lisisukumwe na upepo. Mwambie apumue kama kawaida. Kifua kikitembea kidogo hakiharibu kitu, kichwa ndicho kisigeuke. Kisha fungua tundu, hesabu muda wako kwa sauti ndogo ili naye asikie umefika wapi, na ukiisha kulifunga, mwambie mara moja kwamba sasa aweza kukohoa.